Kumpitisha Watasema Mbele ya Geti la Baba Mdogo

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu tangu alfajiri, na manyunyu yasiyojua kama yanyeshe au yaache. Mlima hatujauona wiki nzima.

Mikono yangu bado inatetemeka, kwa hiyo mnisamehe herufi zikirukaruka. Nimekaa kwenye kompyuta ya pembeni hapa kafe ya intaneti ninapofanya kazi, mjini Moshi. Viatu vyangu vina tope la Kibosho mpaka kwenye kisigino, na bosi ameshaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nimeogopa tu. Nimeogopa tangu Jumapili iliyopita, na leo asubuhi nikaogopa mpaka nikasahau Baba Yetu katikati.

Na yote haya ni kwa sababu ya mbwa.

Mbwa mwenyewe anaitwa Watasema. Jina alipewa na mama yangu, maana kwetu mtu humpa mbwa jina ili awaambie majirani yale asiyoweza kuwaambia machoni. Bado ni mbwa mdogo, sikio moja limesimama, jingine limelala, miguu mirefu kuliko akili. Hana ubaya wowote moyoni. Anachotaka ni kumrukia kila mtu kifuani na kumlamba pua. Nilipewa na Mama Pinki, mama wa Kisingasinga mwenye duka la vipuri hapa mjini, ambaye huja kafe kuwaandikia watoto wake walioko Kanada. Jike lake lilikuwa limezaa, akaniambia, "Manka, chukua mmoja, wewe na mama yako mko peke yenu huko juu." Ni kweli. Tangu baba afariki tuko wawili tu.

Sasa, kwa ninyi mliozaliwa Dar mnaosoma hapa: huku kwetu mbwa hatembezwi. Mchana anafungwa mgombani, usiku anafunguliwa alinde kihamba, yaani nyumba na migomba yake. Kamba ya kutembezea ni ya mbuzi na ng'ombe. Mtu akikuona unatembea na mbwa kwenye kamba, anajua unampeleka kumtupa au umerukwa na akili.

Mwezi uliopita Watasema alikata kamba mchana kweupe. Njiani alikuwa anapita Baba Mdogo Sirili, mdogo wake marehemu baba, ambaye kihamba chake kinapakana na chetu. Amebeba ndoo ya maziwa. Watasema akaona amepata rafiki. Alimrukia kifuani kwa miguu yote miwili, mzee akaenda chali mpaka ndani ya mfereji, maziwa yakateremka na maji kuelekea kwa watu wa chini. Waliokuwa wanatoka kilabu cha mbege walicheka mpaka wakakaa chini. Kuna mmoja mpaka leo akimwona Baba Mdogo anamuuliza kama mfereji umeshakamuliwa.

Baba Mdogo alinyanyuka, akaokota ndoo yake. Alipofika kwenye geti lake ndipo akageuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo mbwa akipita tena mbele ya geti langu, nitamkata."

Mngemjua Baba Mdogo msingeuliza kwa nini niliogopa. Yeye hatishi watu. Aliwahi kusema ataukata mparachichi wa babu uliokuwa unamwaga majani kwenye bati lake, tukadhani hasira za siku moja. Kesho yake tuliamka tukakuta uani kuna mwanga ambao hatukuwahi kuwa nao.

Mama alituma mtu apeleke sukari na sabuni za kuombea radhi. Vilirudi vyote, mfuko umefungwa vilevile. Nikamuuliza mama kama tusingepeleka isale. Isale ni ule mmea wenye majani marefu ambao tumezungushia vihamba vyetu vyote. Ukimkosea mtu unamletea jani lake mkononi, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Ndivyo tulivyolelewa. Mama alisonya.

"Isale ni ya damu. Ni ya mpaka, ni ya msiba. Isale kwa ajili ya mbwa! Tutachekwa mpaka Uru."

Basi, tukaacha. Mbwa akafungwa kwa mnyororo, na mimi nikawa napita kwa Baba Mdogo nimeinamisha kichwa, shikamoo yangu inaishia kooni.

Halafu ikaja Jumapili. Baada ya misa likasomwa tangazo la mtendaji wa kijiji: kichaa cha mbwa kimeonekana kata ya jirani. Mbwa wote waletwe Jumamosi uwanja wa shule ya msingi, wakiwa kwenye kamba, bwana mifugo awachanje. Kuanzia Jumatatu mgambo watapita na bunduki, na mbwa asiyechanjwa ni risasi. Nilishika benchi. Mama alinitazama, na kwa mara ya kwanza sikuona ubishi usoni mwake.

Kwa sababu njia ya kwenda shule ni moja. Inapita kati ya masale, mfereji upande huu, geti la Baba Mdogo upande ule, na upana wake watu wawili wakikutana mmoja inabidi abane mgongo. Njia nyingine ni kupitia korongoni, na kwa mvua hizi hata mbuzi hawakubali. Nisipompitisha, risasi Jumatatu. Nikimpitisha, panga Jumamosi.

Jirani alishauri tumtie kwenye gunia tumbebe. Tulijaribu. Watasema alilichana gunia na akalia kilio ambacho hata waliokuwa shambani kwao upande wa pili wa korongo waliuliza nani amefariki.

Ilibaki njia moja, kumfundisha atembee kwa adabu. Apite pale kimya, pembeni yangu, bila kuvuta, bila kumrukia mtu, mzee asisikie hata kucha zake.

Nilimlilia Mama Pinki hapahapa kafe, mbele ya wateja. Yeye amezaliwa Moshi na amefuga mbwa maisha yake yote. Aliniletea mkanda wa shingoni na kamba laini, maana katani ilikuwa imenichana viganja. "Akivuta, wewe simama," akaniambia. "Usimvute, usimgombeze, simama kama mti. Atageuka mwenyewe kukutazama. Akirudi akakaa, mpe kitu kitamu. Kamba ikilegea, tembea." Nikauliza, basi? "Basi. Lakini moyo wako utulie, Manka. Mbwa anasoma mtu."

Moyo wangu utulie! Moyo wangu haujawahi kutulia tangu nianze darasa la kwanza.

Kila alfajiri kabla ya kuteremka mjini, mimi na Watasema, mfuko wa vipande vya utumbo uliochemshwa kiunoni. Siku ya kwanza hatukuvuka mgomba wa tatu. Anavuta, nasimama. Anavuta, nasimama. Majirani waliokuwa wanakwenda kukata majani ya ng'ombe walisimama nao kutazama. "Manka, unamtembeza mbwa au mbwa anakutembeza?" Mwingine akauliza kama nimeolewa na mzungu kimyakimya. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini nikasimama. Na polepole, jamani, kijana akaanza kuelewa. Nikisimama, anageuka. Anarudi. Anakaa kwenye mguu wangu na kunitazama na lile sikio lake moja.

Tatizo likabaki kuitafuna kamba. Akichangamka tu, anaikamata kwa meno na kuitingisha. Mama Pinki akasema, mpe kitu abebe mdomoni, hawezi kushika viwili. Mimi nikavunja kilichokuwa karibu na mkono wangu. Nikavunja isale.

Ikafanya kazi! Watasema alibeba lile jani kichwa juu, kwa heshima zote, na kamba akaisahau kabisa. Nilifurahi kiasi kwamba sikumwona mama ametokea na ndoo.

Ndoo ilianguka. "Manka! Isale mdomoni mwa mbwa?"

Nikacheka. Nikamwambia ni jani tu, mama, mbona ng'ombe akipita analigusa. Mama alipiga ishara ya msalaba na kuingia ndani, na chakula cha jioni tulikula kila mtu anatazama sahani yake.

Leo asubuhi sasa.

Mama alikuwa ameamka kabla yangu. Alimnyunyizia Watasema maji ya baraka yaliyobaki tangu Pasaka, Watasema akayalamba. "Pita haraka," akaniambia. Nikamwambia nikipita haraka atavuta. "Basi pita na Mungu," akasema, na akabaki amesimama kwenye masale yetu akiwa amejifunika kanga kichwani.

Nitawaambia hofu yangu ilikaa wapi, kwa sababu naona bado iko hapo. Ilikaa magotini. Magoti yalikuwa si yangu. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba sikuona geti mpaka tulipolikaribia. Watasema alikuwa pembeni yangu, kamba imelegea, isale mdomoni. Nilikuwa nahema kupitia mdomo ili nisisikike.

Nikasikia mtu anakohoa.

Baba Mdogo alitokea getini, buti miguuni, koti lile la kijivu, na mkononi panga. Alikuwa anakwenda kukata majani, najua sasa. Wakati ule niliona panga tu.

Sikukimbia. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa jasiri, lakini ukweli ni kwamba miguu ilikataa. Nilisimama. Watasema alikuwa ameshamwona rafiki yake wa maziwa, mkia unapiga huku na huku, akajitupa mbele, kamba ikakaza. Mimi sikuvuta, sikusema kitu, kwa sababu nisingeweza. Na Watasema akafanya alichofundishwa. Aligeuka. Akarudi. Akakaa kwenye mguu wangu, isale bado mdomoni, akisubiri utumbo wake.

Baba Mdogo akamtazama mbwa. Akaitazama isale. Akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika, ukawa mbaya kuliko siku ya mfereji.

"Mama yako amenitumia isale kwa mbwa?"

Ruwa wangu! Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Wiki nzima nimehangaikia kamba, na kumbe nilikuwa namletea mzee wa watu tusi ambalo halina jina. Kitu cha kuombea msamaha, kilichotolewa na mababu, nimekitia kwenye mate ya mbwa na kukipitisha mbele ya geti lake. Na sukari yetu ile, sasa nikajua kwa nini ilirudi. Alikuwa anasubiri isale siku zote zile. Sisi ndio tuliomuona hastahili.

Nilipiga magoti kwenye tope. Nikaishika isale, Watasema akadhani tunacheza akaing'ang'ania, nikamwambia "acha" kwa sauti iliyokauka, akaacha. Nikaifuta kwenye kanga yangu. Nikainyoosha kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba mdogo," nikasema, na machozi yalikuwa yameshaanza. "Si ya mama. Ni ya kwangu. Ulianguka, watu wakacheka, na sisi hatukuja. Naomba unisamehe. Usimuue."

Nilikuwa naliona panga kwa pembeni ya jicho, lina umande. Watasema alianza kunusa buti lake na mimi nikafumba macho.

Halafu nikasikia panga linawekwa kwapani, na vidole vyake vikaipokea isale kutoka mikononi mwangu, vyote kumi.

"Marahaba," akasema. "Isale haikataliwi. Hata yenye mate."

Nilidhani imekwisha. Haikuwa imekwisha. Alibaki ameishika ile isale, akaanza kuzungumza kana kwamba anaiambia yenyewe. Kwamba alikuwa na dada, Felista, ambaye mimi sikuwahi hata kumsikia. Kwamba walikuwa na mbwa mdogo pale nyumbani, wa kucheza, wa kurukaruka hivihivi, na siku moja akamkwaruza Felista mkono, kidogo tu, wakapaka majivu wakasahau. "Mwisho wake alikuwa akiona kikombe cha maji analia," akasema. "Baba alimfunga kitandani. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni." Akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Siku ile nimelala mfereji, wenzangu wanacheka. Mimi nilikuwa natafuta mwilini kama nimekwaruzwa. Niliogopa, Manka. Mzee mzima, nililala nje ya shuka wiki nzima nikijitazama mikono."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tumeukariri msemo huo shuleni tukiwa wadogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeukumbuka tulipomwona mzee anatambaa kutoka majini.

Nikasema pole. Nikasema tena pole.

"Anakwenda kuchanjwa?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Tangulia. Nakuja nyuma. Sindano nataka niione kwa macho yangu."

Basi hebu fikirieni safari hiyo. Mbele mbwa, katikati mimi, nyuma mzee na panga lake, na ile isale imechomoza kwenye mfuko wa koti. Msamaha nimepata lakini mgongo wangu haujui. Kila alipokohoa niliruka. Kamba ilitetemeka mkononi mpaka Watasema akawa anageuka kunitazama, anaona nina kasoro gani.

Uwanja wa shule ulikuwa vurugu tupu. Mbwa kwa katani, mbwa kwa mnyororo, mbwa kwa mpira wa baiskeli, wote wanabweka na wenyewe wanatukanana. Watasema akapagawa. Alitaka kucheza na wote kwa wakati mmoja. Nikasimama kama mti. Akavuta, nikasimama. Nilisimama mpaka wenye mbwa wengine wakatupita kwenye foleni, na alipotulia ndipo tukasogea. Bwana mifugo alipomdunga, alilia kidogo tu kisha akamlamba mkono. Baba Mdogo alikuwa ameinama pale, karibu kuliko wote, anaitazama sindano mpaka dawa ilipoisha. Akauliza kama ile dawa ni ya kweli. Bwana mifugo akasema ni ya kweli, mzee. Akauliza tena.

Tuliporudi, tumeshapita kilabu, Baba Mdogo akasimama.

"Nipe hiyo kamba."

Hofu yote ikarudi, pale pale magotini. Panga mkono wa kulia, na anataka kamba kwa mkono wa kushoto. Lakini mtu umetoka kumpigia magoti, utamnyimaje? Nikampa. Nilimpa huku nasali.

Kuku alikatiza njia. Watasema akajitupa, kamba ikakaza, na Baba Mdogo akakauka. Sijui kama mmewahi kumwona mzee wa miaka ile ameogopa. Macho ameyafumba kabisa, midomo inakwenda Salamu Maria, shingo imekaza, panga limedondoka kwenye majani bila yeye kujua. Hakuvuta. Hakusema. Alisimama tu.

Watasema akageuka. Akarudi. Akakaa juu ya buti la Baba Mdogo na kumtazama kwa lile sikio moja.

"Amefanya nini?" mzee akauliza, macho bado amefumba.

"Amekaa, baba mdogo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umesimama."

Akafumbua jicho moja. Sikumwambia kwamba hata mimi pale getini nilisimama kwa hofu tu, wala haikuwa ufundi wowote. Nilitoa kipande cha utumbo mfukoni nikamwekea kiganjani, nikamwonyesha ampe. Watasema alikichukua polepole, kwa midomo, meno hayakumgusa. Baba Mdogo alikitazama kiganja chake upande huu na upande ule, kwa muda mrefu, akitafuta kama kuna mkwaruzo. Hakukuwa na kitu, ila mate.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, wahenga walisema. Leo tulikuwa waoga wawili njiani, na mbwa mmoja ambaye hajui kutofautisha mti na mtu aliyeganda kwa hofu. Sote watatu tumefika nyumbani.

Mama alikuwa bado kwenye masale. Alituona tukitokea ukunguni, kamba mkononi mwa shemeji yake, isale mfukoni mwake. Alikwenda ndani akatoka na kigoda, akakiweka uani. Baba Mdogo hakukaa. Alisema ng'ombe hawajala.

Kadi ya chanjo nimeibandika mlangoni ambapo mgambo wataiona. Bado naogopa Jumatatu, siwadanganyi, bunduki ni bunduki. Na bado nasikia lile panga likidondoka kwenye majani.

Lakini alipokuwa anaondoka alinirudishia kamba, akasimama kidogo akimtazama Watasema kwa mbali. Kesho baada ya misa, akasema, nimpitishe tena mbele ya geti lake, polepole, anataka ajaribu kusimama bila kufumba macho.